Kizibo kimoja kwa keni: ninavyolisha miche ya mbao kwenye viriba

Kitalu changu kiko bondeni, nusu saa kwa bodaboda kutoka Mafinga mjini, pale ambapo mama mkwe wangu alikuwa akilima vinyungu (bustani za bondeni) vya maharage. Nilianza na viriba 3,000 vya mipaina mwaka 2011. Siku hizi natoa kama 40,000 kwa msimu, theluthi mbili mipaina na iliyobaki milingoti (mikaratusi). Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Mama, wewe unaweka mbolea gani?" Anayeuliza anataka jina la mfuko. Haya, jina ni NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosfati na potashi, asilimia 17 kila moja), ile ile ya dukani. Lakini jirani yangu anatumia hiyo hiyo na miche yake inalala shambani. Kazi iko kwenye kiasi, na zaidi ya kiasi, kwenye siku ya kuacha.

Anza kwa kukitazama kiriba chenyewe. Kiriba cha inchi 4 kwa 6 ukishakijaza udongo hakifiki nusu lita. Mti wa shambani ukikuta chumvi nyingi, yaani mbolea iliyozidi, upande mmoja, mizizi inakwenda upande mwingine. Mche wa kwenye kiriba hauna upande mwingine. Papo hapo, kwa kuwa unamwagilia karibu kila siku wakati wa kiangazi, chakula kinaoshwa na kutokea chini. Kwa hiyo kiriba ni chepesi kuungua na ni chepesi kushinda njaa, yote mawili, na ndiyo maana mbolea yake inapita kwenye maji, kidogo, mara kwa mara.

Hili sikulisoma, lilinigharimu. Mwaka wangu wa tatu nilinyunyiza urea ya chenga kwa vidole kwenye kitanda kizima cha miche, kama ninavyofanya kwenye mahindi: ncha za vidole vitatu kila kiriba, nikamwagia maji, nikaenda kanisani na moyo mweupe. Siku ya tatu ncha za sindano, yaani majani ya mpaina, zilikuwa za kahawia. Baada ya wiki kitanda kilikuwa rangi ya tumbaku. Viriba 2,200 na ushei. Nilipokuja kupiga hesabu niliona aibu: gramu moja ya urea, kama ile ya vidole vitatu, ina miligramu 460 za naitrojeni, na mche wa mpaina msimu mzima hapa kwangu haupati hata miligramu 90. Niliulisha chakula cha msimu mzima mara tano, kwa asubuhi moja.

Udongo kwanza, na ule ukungu mweupe

Mbolea ya kwanza ya mpaina si mbolea, ni udongo wa chini ya mipaina mingine. Mipaina hii tunayopanda hapa wilayani Mufindi, ya aina ya patula, asili yake ni Meksiko. Mizizi yake huishi na kuvu ya aina fulani ambayo wataalamu huiita mikoriza. Kuvu inausaidia mche kunyonya maji na hasa fosfati, mche unailipa kwa sukari. Udongo ambao haujawahi kuota mpaina mara nyingi hauna kuvu hiyo. Sehemu nyingi za dunia walipopanda mipaina kwa mara ya kwanza miche ilidumaa, ikawa ya njano na zambarau, mpaka walipoleta udongo kutoka penye mipaina iliyokomaa. Sisi tunaoishi jirani na msitu wa Sao Hill tuna bahati, udongo huo haupo mbali. Omba ruhusa ya mwenye shamba, parua majani makavu ya juu, chota tabaka la inchi tatu au nne za kwanza. Usiuanike juani siku nzima, na usiuchome moto kuua wadudu, utaua na ulichokifuata.

Mchanganyiko wangu wa mipaina ni toroli tano za udongo mweusi wa juu, mbili za udongo wa chini ya mipaina, moja ya samadi iliyooza mpaka hainuki, na moja ya mchanga wa mtoni. Hapo naongeza nusu kilo ya TSP (mbolea ya fosfati), kwa sababu udongo wetu huu mwekundu una tabia ya kuishika fosfati na kuinyima mizizi. Nusu kilo, si zaidi. Fosfati ikizidi, mche unaona hauna haja ya kuvu, na kuvu inakufa polepole. Ukikosa TSP ukapata DAP tu (fosfati iliyochanganyika na naitrojeni), changanya, loanisha rundo, lifunike na liache wiki mbili kabla ya kujaza viriba, maana amonia yake si rafiki wa mizizi michanga.

Jivu weka kwenye mboga. Watu wanaliongeza kwenye udongo wa viriba wakidai linafukuza sisimizi, lakini mpaina unapenda udongo wenye uchachu, na jivu linaondoa uchachu. Uchachu ukiondoka, kinyausi (ugonjwa unaoozesha miche michanga) kinapata nafasi, na madini ya chuma yanajifunga hata kama yapo tele.

Miezi mitatu hivi baada ya kuhamishia miche kwenye viriba, chagua kiriba kimoja ukichane kwa wembe. Kama kazi inakwenda sawa utaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye udongo kama utando wa buibui, na vimizizi vifupi vyenye ncha mbili kama herufi Y. Nusa: harufu ni ya uyoga. Kibarua wangu mmoja, kijana mzuri wa kazi, alikuta utando huo akadhani ni ugonjwa, akatupa viriba mia mbili bora kuliko vyote kabla sijarudi kutoka sokoni. Sikumkata mshahara. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemwonyesha.

Kupima na kuchanganya

Nunua mzani mdogo wa jikoni. Kama huna, kizibo cha soda kilichojazwa na kukatwa sawasawa kwa kidole kina kama gramu 5 za NPK, na nusu ya vijana wa hapa wanatumia hicho. Lakini kizibo kinapima ujazo, hakipimi nguvu. Gramu 5 za NPK 17-17-17 zina naitrojeni gramu 0.85. Gramu 5 za CAN, mbolea ya naitrojeni, zina 1.3. Gramu 5 za urea zina 2.3. Mtu aliyezoea "kizibo kimoja" akibadili mfuko bila kubadili kipimo anaweza kubadili dozi zaidi ya mara mbili, halafu atalaumu mbegu.

Jioni, chukua gramu 50 za NPK, yaani vizibo kumi, weka kwenye ndoo ya lita 10 yenye maji nusu. Koroga, funika, lala. Chenga za NPK haziyeyuki zote, hata ukizikoroga kwa nusu saa, usiku unazilainisha. Asubuhi koroga tena, chuja kwa kitambaa chepesi, kipande cha kanga kilichochakaa kinafaa sana, ongeza maji mpaka lita 10. Tope linalobaki kwenye kitambaa peleka kwenye migomba. Ukilitia kwenye keni ya kumwagilia litaziba matundu, na utalikuta limeganda juu ya sindano za miche.

Hilo ni togwa zito, si la kumwagia. Lita 1 ya togwa hili kwenye keni ya lita 10 yenye maji ni nusu nguvu: gramu 5 kwa keni. Lita 2 ni nguvu kamili: gramu 10 kwa keni. Sivuki hapo kwa mipaina, hata mteja akipiga magoti.

Kitanda changu kina upana wa mita moja, na kila mita ya urefu ina viriba 220 hivi. Nimepigilia vijiti pembeni kila mita. Keni moja, kijiti kwa kijiti, mapito mawili: kwenda na kurudi. Bila vijiti, mkono unachoka kuelekea mwisho wa kitanda na miche ya mwisho inakula kuliko ya mwanzo, utaiona Oktoba kitanda kimeinama kama paa.

Kabla ya mbolea, udongo uwe na unyevu. Kama viriba vimekauka, mwagia maji matupu jana yake. Mbolea kwenye udongo mkavu ni sawa na kumpa mtu mwenye kiu maji ya chumvi. Fanya asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Ukimaliza kitanda rudi na keni ya maji safi, haraka haraka, uoshe majani. Hatua hii ndiyo vibarua wanairuka kwa sababu inaonekana ni kazi ya bure. Mimi nasimama hapo hapo mpaka imalizike.

Kalenda ya kwangu

Mipaina nasia Mei, na nahamishia kwenye viriba Juni ikiwa katika umbo la kijiti cha kiberiti, kofia ya mbegu bado iko kichwani au ndiyo imedondoka. Hapo hakuna mbolea wiki nne nzima. Mche hauna mizizi ya kulia, unakula akiba ya mbegu na ule udongo uliouandaa.

Mwisho wa Julai, nikishaona sindano za kweli zimeanza kusimama katikati, naanza nusu nguvu kila siku kumi, mara tatu. Julai hapa ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Mche hauendi popote hata ukiumwagia asali, na mbolea inakaa tu kwenye kiriba ikijikusanya. Kwa hiyo subira. Kuanzia katikati ya Agosti jua linarudi, nami napanda hadi nguvu kamili, mara moja kwa wiki, wiki tisa. Hapo ndipo kitanda kinabadilika rangi mbele ya macho yako.

Katikati ya Oktoba, naacha.

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mvua za kupandia kwetu zinashika Desemba, na mteja akija kukagua mwanzoni mwa Novemba anataka kuona miche mirefu, laini, ya kijani cha kung'aa. Ukiendelea na CAN mpaka Desemba utampa anachotaka. Niliwahi kufanya hivyo, msimu mmoja, kwa oda kubwa. Miche ilikuwa ya sentimita 40, mizuri kama picha ya kalenda. Ikapandwa, kisha Januari mvua ikakata siku kumi na sita. Ililala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Majani mengi juu, mizizi kidogo chini, shina laini la maji: jua lilikuwa linachukua maji kuliko yaliyokuwa yakipanda. Nilirudisha nusu ya hela na sikuombwa.

Kwa hiyo kuanzia siku ya kuacha, kazi ni kukomaza. Punguza maji taratibu, kutoka kila siku hadi kila siku mbili, kisha tatu, ukiangalia miche saa nane mchana. Ikilegea kidogo na kusimama jioni, sawa. Ondoa kivuli chote. Kata mizizi iliyotoka chini ya viriba: watu wawili, waya mwembamba uliokazwa, mmoja huku mwingine kule, vuta chini ya kitanda kama unakata sabuni ya mche. Mwagia maji mara moja baada ya kukata, na usikate siku ya jua kali. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Mche unaofaa kuondoka ni wa sentimita 20 hadi 25, na shina lake pale linapoingia kwenye udongo lina unene wa mrija wa wino ulio ndani ya peni, au zaidi. Mimi hutembea na mrija huo mfukoni. Mteja akilalamika ufupi namwekea mrija kando ya shina, kisha namchania kiriba kimoja aone mizizi.

Kabla ya kuongeza mbolea, soma mche

Njano inayoanzia majani ya chini kwenda juu, kitanda kizima kikififia kwa pamoja, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, na keni mbili tatu zinaitibu. Njano inayoanzia juu, sindano mpya zikiwa za rangi ya ndimu huku za zamani ni za kijani, ni madini ya chuma yamefungwa: kuna jivu au chokaa mahali, au viriba vimejaa maji na mizizi haipumui. Ukiweka NPK hapo unaongeza mzigo. Ncha za kahawia zilizokauka ni chumvi. Achia maji safi, keni tatu kwa mita, uoshe kiriba mpaka maji yatoke chini, na sahau mbolea wiki mbili.

Zambarau ndiyo iliyonidanganya kwa miaka. Vitabuni inasemwa ni ukosefu wa fosfati, na ni kweli. Lakini mpaina mchanga ukipigwa na baridi ya Julai nao unageuka zambarau, ukiwa umeshiba kabisa. Nilimwaga DAP misimu miwili nikijipongeza Septemba kwamba imetibu, kumbe ni jua lilirudi. Sasa naangalia mpangilio: baridi inapaka kitanda chote sawa, hasa upande wa upepo, ukosefu wa kuvu unakuja kwa madoa, kundi la miche ishirini imedumaa na kuiva zambarau katikati ya miche mizuri. Madoa hayo yachotee udongo wa mipaina, uloweke kwenye ndoo, umwagie maji yake yenye tope. Baada ya wiki sita hadi nane yanafuata wenzake.

Na kuna mashahidi. Mwisho wa kila kitanda naacha viriba ishirini, mbali kidogo na wenzao, ambavyo havipati mbolea hata tone, maji tu. Vibarua ndio waliovipa jina hilo. Kitanda kikigeuka rangi nawaendea mashahidi kwanza. Wakiwa nao wamegeuka, si mbolea, ni baridi, ugonjwa au maji. Wakiwa wazima na kitanda kinaungua, basi mkono wangu umezidi. Hakuna maabara ya bei hiyo.

Milingoti kwa ufupi

Milingoti haihitaji udongo wa chini ya mipaina, na ina haraka. Nasia Agosti, mbegu kama ugoro, inakuwa tayari Desemba. Wiki tatu baada ya kuhamishia, NPK nusu nguvu kwa wiki mbili, kisha nguvu kamili kila wiki. Ikififia njano natoa CAN gramu 5 kwa keni mara moja, kisha narudi kwenye NPK. Wiki tatu hadi nne za mwisho, hakuna kitu. Mlingoti una majani mapana, kwa hiyo kuosha baada ya mbolea ni lazima zaidi kuliko kwenye mpaina. Chumvi ikikaukia kwenye jani jua la saa sita linachoma matundu kabisa. Pia majani yanafunika viriba kama miavuli na maji hayafiki chini. Ikishafika sentimita 15 napanua nafasi, naondoa mstari mmoja kati ya kila miwili, na keni inapita vizuri. Ukipanua, hesabu upya: mita ile ile sasa ina viriba 110, basi keni moja ni ya mita mbili.

Mfuko ukishafunguliwa ufunge kwa kamba ya mpira, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukungu wa Mufindi unageuza NPK kuwa jiwe kwa msimu mmoja. Jiwe hilo linatumika bado, lakini usilipime kwa kizibo: ligonge, lipime kwa mzani. Na usinunue ya kupimiwa kwenye kifuko kisicho na maandishi, hata kama ni nusu bei. Nilinunua mara moja. Nilipoiloweka usiku, asubuhi nikakuta theluthi moja ni mchanga mwekundu uliopondwa, umekaa chini ya ndoo umetulia.

Jioni ya kuamkia siku ya gari kuja, mwagia maji mengi, matupu. Kiriba kizito kinakera wapakiaji, wataomba umwage kidogo tu wapunguze uzito. Waambie wapakie mara mbili.